Fresha mwenye uoni hafifu: "Sioni ubao na UE, mitihani ya mwisho wa muhula, inakuja, niseme kwa nani?"

Shikamoo shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 20, niko mwaka wa kwanza chuo kimoja hapa Dar, nasoma uhasibu. Nina ualbino. Najua watu wakisikia hivo wanawaza jua na ngozi, na yale mambo mengine ya kutisha ya kule kwetu Kanda ya Ziwa ambayo sitaki hata kuyaandika, lakini shida yangu ya kila siku ni macho, yaani macho ndo yananitesa kuliko kitu kingine chochote.

Sekondari sikupata shida sana kwa sababu shule ilikuwa na kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalum, walimu walikuwa wananijua, nilikuwa nakaa mbele kabisa, na kwenye mitihani ya NECTA nililetewa karatasi yenye maandishi makubwa na nikaongezewa muda. Sikuwahi kuomba, nilikuwa naikuta tu mezani. Sasa nikadhani chuo itakuwa hivohivo, kwamba wataona kwenye matokeo yangu huko walikoyatoa na watajua. Shangazi, hakuna anayejua chochote.

Ukumbi wetu tunaingia watu kama 400. Pindi la saa moja natoka hosteli saa kumi na moja na nusu ili niwahi kiti cha mbele, na hata nikikipata bado sioni, lekchara anachora akaunti ubaoni na maka pen nyekundu, tarakimu ndogondogo, 3 na 8 kwangu ni kitu kimoja. Nikawa napiga picha na simu nazoom, lekchara mmoja akakataza simu darasani. CR, yaani kiongozi wa darasa, anatuma notsi kwenye grupu ila ni picha za karatasi zilizopigwa kiupandeupande. Mwingine kanisimamisha mbele ya watu nivue kofia kwamba sheria ya mavazi ya chuo hairuhusu, nikavua, na zile taa na madirisha sikuona kitu mpaka pindi linaisha.

Tesiti wani ndo imenimaliza. Karatasi ilikuwa fotokopi ya fotokopi, dakika 50, maswali manne nikafanya mawili. Alafu macho yangu yanacheza, na huwa nikigeuza kichwa kidogo pembeni ndo naona vizuri, msimamizi akaja akasema nachungulia wa jirani, akanihamisha mbele ya ukumbi mzima. Nimepata 4 kati ya 15. Nililia chooni mpaka pindi la mchana likanipita.

Kosa ni langu pia. Siku ya usajili kulikuwa na fomu inauliza una ulemavu wowote, nikaandika hapana. Hata kwenye maombi ya mkopo niliruka. Mama ndo alinambia tangu niko kidato cha nne, wewe sio mlemavu, usijiandikishe ulemavu popote, jina likishaingia kwenye hiyo listi hutapata kazi. Mama amepigana sana kwa ajili yangu shangazi, miaka niliyokuwa mdogo alikuwa ananifungia ndani jioni kwa kuogopa watu, siwezi kumpuuza.

UE zinaanza Februari, zimebaki kama wiki sita. Je nimeshachelewa? Nikijiandikisha sasa itaonekana kwenye vyeti vyangu? Au niahirishe mwaka nirudi nyumbani nijipange upya? Nisaidie, sijui niseme kwa nani.

Mwenye Kofia, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Hujachelewa. Ila wiki hii isipite bila barua yako kufika mezani kwa mtu, na ntakwambia kwa nini nina haraka. Karatasi za UE zinatungwa, zinapitiwa na mwalimu mwingine, zinachapwa na kufungwa kwenye bahasha siku nyingi kabla ya mtihani wenyewe, kwa hiyo ukienda kuomba maandishi makubwa siku mbili kabla hata anayekupenda hataweza kukusaidia, atakachoweza ni kukimbia stationari kukukuzia fotokopi. Wiki sita zinatosha, wiki mbili ni za mashaka.

Nianze na hilo la kudhani wangejua. Wengi mnaotoka shule zenye kitengo mnaingia chuo na wazo hilo na wala sio ujinga, hakuna aliyewaambia. Sekondari kuna mtu mzima alikuwa anasema kwa niaba yako. Shule ndiyo iliyokusajili NECTA na ikaeleza mahitaji yako, mwalimu wa kitengo akafuatilia, we ukakuta karatasi mezani. Matokeo yaliyokuja chuo yana namba yako ya mtihani na madaraja yako basi, hayasemi uliyafanya kwa maandishi makubwa. Na chuo kimekuandika kama mtu mzima wa miaka 20 aliyejaza fomu kwa mkono wake kwamba hana shida. Ule mnyororo ulikatika siku ulipomaliza kidato cha sita na wa kuuunganisha ni wewe.

Na uunganishe kwa karatasi. Hapa naongea kwa uchungu maana nimekaa masjala ya chuo miaka 14, sitakitaja. Alikuja kijana mmoja mwaka wa pili, kashapewa barua ya kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, anataka kukata rufaa. Alikuwa hasikii vizuri, sikio moja lilikuwa limekufa kabisa, na darasa zima lilikuwa linajua, walekchara wawili watatu walikuwa wanajua, alishawaambia kwa mdomo kwenye korido na wakamwambia pole, kaa mbele. Jalada lake nililitoa mimi mwenyewe kabatini. Halikuwa na karatasi hata moja inayoonyesha chuo kiliwahi kuambiwa. Kamati ikakaa ikauliza ushahidi uko wapi kwamba aliomba msaada, na jibu likawa hakuna. Wale walekchara waliompa pole hawakukumbuka tarehe. Aliondoka na begi lake na mimi mpaka leo nikiona fresha anasema "nilimwambia kwa mdomo" moyo unaniuma.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza hospitali, upate ripoti ya macho ya sasa hivi sio ile ya utotoni. Hapo Dar kuna CCBRT kule Msasani, kuna Muhimbili, nenda idara ya macho uwaambie una uoni hafifu unataka ripoti ya kupeleka chuo. Mwombe daktari asiandike tu "ana ualbino" akasaini, hiyo kila mtu anaiona kwa macho haihitaji daktari. Aandike uoni wako wa mbali kwa namba. Kwa mfano akiandika 6/60 maana yake kile ambacho mwenzako anakiona akiwa mita 60 wewe mpaka usogee mita 6, na lekchara akisoma hivo anaelewa kwa nini kiti cha mbele peke yake hakikutoshi. Aandike pia kwamba miwani haikurudishii uoni wote, maana kwenye ualbino ile sehemu ya katikati ya retina, ya kuonea vitu vidogo, haikukomaa vizuri toka tumboni, na watu wengi ofisini watakuuliza kwa nini usivae tu miwani. Na hili la macho kucheza usilisahau kabisa. Aeleze kwamba macho yako yanachezacheza yenyewe na kwamba unageuza kichwa kwa sababu kuna pembe ambayo yanatulia ukaona vizuri. Sentensi hiyo moja ikifika kwa msimamizi wa mtihani hakuna atakayekuhamisha tena kwa kudhani unachungulia. Lile lililokupata kwenye tesiti wani ni dhuluma hata kama yule msimamizi hakujua, na nakupa pole.

Ukishapata ripoti andika barua. Vyuo kama UDSM na UDOM vina kitengo kabisa cha wanafunzi wenye mahitaji maalum, kwingine ni mtu mmoja tu ndani ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, yule mnayemwita din. Kwenu anzia kwa huyo. Barua iende kwake, nakala kwa mkuu wa idara yako na nakala kwa afisa mitihani, huyu wa mwisho wanafunzi wanamsahau na ndiye anayeshika bahasha. Usiandike hadithi ndefu ya maisha na usiombe huruma, andika unachotaka kifanyike, kimoja kimoja. Kitu kama hiki:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, namba yangu ya usajili ni hii. Nina uoni hafifu unaotokana na ualbino, ripoti ya daktari imeambatanishwa. Wakati wa usajili sikujaza sehemu ya ulemavu, naomba taarifa zangu zirekebishwe. Naomba karatasi za mitihani na tesiti zichapwe kwa herufi za ukubwa wa 20, niongezewe muda, nikae mahali ambapo dirisha liko nyuma yangu, niruhusiwe kutumia lenzi ya mkono na kuvaa kofia ukumbini na kwenye mtihani, niruhusiwe kupiga picha ubao kwa matumizi yangu ya kusoma, na nitumiwe slaidi kabla ya pindi."

Ukubwa wa herufi taja ule ulioujaribu. Nenda stationari wakuchapie aya moja kwa 16, 18, 20 na 24, soma kila moja dakika kumi, ile ambayo macho hayachoki ndo yako. Na sisitiza wachape upya kutoka kwenye kompyuta. Wakikukuzia tu A4 kwenda A3 kwenye mashine, herufi ya 12 inafika kama 17 hivi, inaweza isikutoshe, na kama fotokopi ilikuwa mbaya ubaya nao unakua, alafu lile likaratasi likubwa utaliweka wapi kwenye vile viti vyenye kibao cha mkono? Kwa hiyo omba meza pia. We unasoma uhasibu, unahitaji kuona safu mbili za tarakimu kwa wakati mmoja, meza kwako ni kitu cha lazima kabisa.

Kwenye kofia. Sheria za mavazi vyuo vingi vinazo na yule lekchara huenda alikuwa anafuata kilichoandikwa, ila kofia yako inakata mwanga unaokuzuia kuona, inafanya kazi ileile ya fimbo nyeupe kwa asiyeona. Ikishaandikwa kwenye barua na chuo kikakubali, tembea na kopi kwenye begi. Simu nayo hivohivo, walekchara wengi wanaogopa kurekodiwa na kurushwa mitandaoni, mfuate baada ya pindi ukiwa na ripoti umwambie napiga ubao tu, sirekodi video, sitaposti. Wengi wanalainika wakielewa.

Barua zichape nakala za kutosha, na moja ubaki nayo wewe, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usione aibu kumwambia sekretari "naomba unigongee na hii ya kwangu". Siku tano za kazi zikipita kimya rudi na hiyo yenye muhuri uulize imefikia wapi. Wakikuzungusha nenda serikali ya wanafunzi, nyingi zina mtu wa mahitaji maalum, na ukikwama kabisa kuna Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania na kuna SHIVYAWATA ambalo ndilo shirikisho la vyama vyote vya watu wenye ulemavu, wanajua kuandika barua ambayo chuo hakiwezi kuikalia. Na mguu wa kusimamia unao. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, elimu imo mpaka ya juu. Hauombi fadhila ya mtu.

Hiyo 4 kati ya 15 nayo usiiache ife kimya. Mwandikie lekchara wa somo ukiambatanisha ripoti, eleza kilichotokea siku ile, omba tesiti nyingine au kazi mbadala. Anaweza kukataa. Lakini karatasi itakuwa kwenye jalada, na umeshaona jalada tupu linamfanya nini mtu.

Sasa mama yako. Nimeisoma hiyo sehemu mara tatu. Mama aliyekufungia ndani jioni ili uishi ana haki ya kuogopa listi yoyote yenye jina lako, mimi simlaumu hata chembe, na we usimjibu kwa ukali. Mweleze taratibu mambo mawili ambayo huenda hakuna aliyewahi kumwambia. La kwanza, transkripti inaandika masomo na madaraja, haina mahali pa kuandika macho yako, taarifa hizi zinakaa ofisini kwa ajili ya huduma na unaweza kuandika kwenye barua kwamba unaomba zisitolewe nje bila ridhaa yako. La pili, kuhusu kazi, sheria hiyohiyo ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na watu wenye ulemavu wenye sifa wasiopungua asilimia 3. Sisemi waajiri wote wanatii, hapana. Lakini kisheria kujulikana hakukufungii mlango. Na mkumbushe Dkt. Abdallah Possi, mwenye ualbino kama wewe, alikuwa anafundisha sheria Chuo Kikuu cha Dodoma, 2015 akateuliwa naibu waziri ofisi ya Waziri Mkuu na baadae akawa balozi wetu Ujerumani. Nchi nzima ilikuwa inamjua alivyo.

Na neno lenyewe "mlemavu" kama linakukwama kooni usilitumie, sema "nina uoni hafifu", ni neno sahihi na linaeleweka ofisini. Kwenye fomu tiki kinachotakiwa, mdomoni ujiite unavyotaka.

Kuahirisha mwaka mimi sikushauri sasa hivi. Ukiahirisha rasmi bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, linasimama mpaka urudi, na ukirudi utakuta ubao uleule na fotokopi zilezile kama hujasema. Ila ikitokea barua imekataliwa, au macho na moyo vimechoka kweli, basi uahirishe kwa maandishi kupitia idara na upewe kibali. Kuondoka kimyakimya ndo mbaya, unahesabiwa umetoroka masomo na kurudi inakuwa vita. Kuhusu mkopo nenda dawati la mikopo hapohapo chuoni uulize dirisha la rufaa, Bodi ina fomu ya ulemavu inayothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa, ukiwa unashughulikia ripoti ya macho shughulikia na hiyo.

Wakati unasubiri majibu anza na vilivyo mkononi. Kwenye simu ingia mipangilio, tafuta Ufikivu (kwa Kiingereza Accessibility), humo kuna ukuzaji wa skrini na kuna kusomewa maandishi kwa sauti. Kwenye kompyuta ya Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, skrini inakuza yenyewe, hauhitaji kununua programu. Macho yakichoka kuna NVDA, inasoma kwa sauti na ni bure. Ila programu hizo zinahangaika sana na picha ya karatasi iliyopigwa upande, kwa hiyo mwombe CR atume faili lenyewe alilopewa na lekchara, mwambie sababu, atafurahi kujua. Na tafuta mwenzako mmoja wa kuaminika mkae naye jioni akusomee tarakimu we unaandika na unakokotoa, uhasibu ukisomewa unashika haraka na yeye anafaidika maana anayesoma kwa sauti hasahau.

Jumatatu uwe CCBRT mapema, foleni ya pale ni ndefu. Ukishapeleka barua niandikie tena, nataka kujua tarehe iliyo kwenye muhuri.

Shangazi